Insha yangu ya form three

Juzi napekua kabati la mama si nikakutana na kaunta buku langu la form three, ndani kuna rafu ya insha niliyoandikia mashindano ya Jumuiya ya Madola. Haya mashindano ya zamani jamani, yalianza 1883, na mpaka leo wanafunzi wanatuma, chini ya miaka 14 kundi lao, 14 hadi 18 kundi lao, wakubwa mwisho maneno 1,500.

Mi niliandika kuhusu watoto wanaofanya kazi za ndani. Hasira kibao, haki, utu, sijui elimu, Kiingereza cha kuvunja kamusi. Sasa cheki, naandika saa nne usiku nimekaa sebuleni, na dada wetu wa kazi yuko uani anasugua masufuria, miaka 15 kama mimi tu. Akapita akaniuliza unaandika nini, nikamjibu kazi ya shule.

Sikuambulia kitu. Tena mwalimu aliniambia kabla hata haijatumwa kwamba imekaa kama hotuba ya mgeni rasmi, haina mtu ndani. Nilinuna wiki nzima ila alikuwa sahihi bwana, maana mtu mwenyewe alikuwa hatua kumi kutoka kwangu anapambana na ukoko na hata jina lake sikuliweka.

Kilichonimaliza ni kurasa za mwisho za daftari. Kuna hesabu za kugawanya, penseli, zimefutwa futwa, na ule mwandiko si wangu.