Vyombo vya kupikia kambini: anza na hesabu ya maji

Watu wengi wakipanga kulala porini usiku mmoja au miwili huanza kwa kutafuta jiko. Nashauri waanze na maji. Chakula kinachofaa safari fupi, yaani tambi, uji wa shayiri, supu ya unga na chai, hakihitaji mapishi, kinahitaji maji yaliyochemka. Mtu mmoja hutumia kama lita moja na nusu kwa siku. Kwa siku mbili ni lita 3, na kutoka hapo ndipo jiko, gesi na sufuria huchaguliwa.

Jiko dogo la gesi linalofungwa juu ya mtungi hula takriban gramu 15 kuchemsha lita moja pasipo upepo. Lita 3 ni gramu 45. Upepo na baridi vinaweza kuongeza matumizi hayo hata mara mbili, kwa hiyo mtungi wenye gramu 100 za gesi unamtosha mtu mmoja, na wawili wachukue wa gramu 230. Mtungi ulioanza kutumika usiupime kwa kuutikisa. Uweke kwenye mizani ukiwa mpya, uandike uzito huo ubavuni, na baadaye utajua kilichobaki.

Soma pia gesi iliyomo. Butani ya kawaida huacha kugeuka mvuke karibu na nyuzi 0 za Selsiasi, ilhali propani huendelea hadi -42. Ndiyo maana kwenye baridi hununuliwa mchanganyiko wa propani na isobutani, aina ya butani inayostahimili baridi zaidi. Hata huo, propani hutangulia kutoka, na moto hufifia mtungi unapokaribia kuisha. Lala na mtungi ndani ya mfuko wa kulalia, asubuhi utawaka vizuri. Usiupashe moto kamwe.

Kwenye upepo ndipo ajali hutokea. Ukilizungushia jiko la aina hii kinga pande zote, joto hurudi kwenye mtungi na mtungi unaweza kulipuka. Kinga upande unakotoka upepo tu, kisha uguse mtungi mara kwa mara: ukiwa wa moto, zima. Na usipikie ndani ya hema, hata mvua ikinyesha. Jiko hutoa monoksidi ya kaboni, gesi isiyo na harufu, nayo huua.

Jiko la spiriti ni jepesi na halina valvu ya kuharibika. Mililita 30 huchemsha nusu lita, ila polepole. Ubaya wake ni kwamba mwali hauonekani mchana, na mtu hudhani umezimika akaongeza spiriti. Subiri jiko lipoe kabisa kwanza. Baadhi ya hifadhi hukataza majiko yasiyo na valvu wakati wa ukame, kwa hiyo uliza kabla ya kwenda.

Sufuria ya mililita 750 humfaa mtu mmoja: nusu lita huchemka bila kumwagika, na mara nyingi mtungi mdogo, jiko na kiberiti huingia ndani yake. Sufuria ya madini ya titani ni nyepesi lakini huunguza chakula mahali palipo juu ya mwali, kwani joto halisambai. Kama utapika uji, chukua alumini. Kitako kipana hupokea moto vizuri kuliko chembamba. Kifuniko ni lazima, kinaokoa gesi.

Kitufe cha kuwashia kilicho kwenye jiko hugoma kwenye unyevu, hivyo beba kiberiti cha gesi, na njiti kwenye mfuko usiopenya maji, kila kimoja mahali pake. Kijiko kimoja chenye mpini mrefu na kisu kidogo vinatosha. Kikaango, sahani na ubao wa kukatia viache nyumbani.

Kama maji ya kunywa yatatoka mtoni, yachemshe yatokote dakika 1, au dakika 3 ukiwa juu ya mita 2,000, na uyaingize kwenye hesabu ya gesi. Vyombo vioshwe mbali na mto, kama mita 60.

Kabla ya kufunga begi, washa jiko nje ya nyumba, chemsha nusu lita, na upime mtungi kabla na baada. Ikipungua zaidi ya gramu 12, angalia kinga ya upepo na ukubwa wa mwali: moto unaopanda ubavuni mwa sufuria ni gesi inayopotea.