Kumbukumbu ya mradi: drili ya mtumba ya wati 650 na breketi nane za rafu

Kazi yenyewe: breketi nane, kila moja matundu matatu, jumla matundu 24. Kumi na nane ni kwenye ukuta wa tofali za saruji za inchi 5 wenye lipu ya mm 15, sita kwenye nguzo ya zege. Mashine ni drili ya kugonga inayotumia waya, wati 650, chaki (mdomo unaoshika biti) ya mm 13 inayokazwa kwa ufunguo, mizunguko hadi 2,800 kwa dakika. Kwa kuwa ni ya mtumba, imefunguliwa kwanza ndipo ikachomekwa.

Siku ya 1: waya na plagi

Ilikuja na plagi ya pini mbili za duara. Ule mtindo wa kuchokonoa tundu la juu la soketi kwa kalamu ili pini hizo ziingie uachwe kabisa: pini zinacheza, soketi inaungua polepole, na waya unabaki bila fyuzi. Plagi imekatwa, imefungwa ya pini tatu bapa. Wati 650 kwa volti 230 ni ampia 2.8. Fyuzi ya 3 inaweza kukatika biti ikikwama, kwa hiyo imewekwa ya 5. Ile ya 13 inayouzwa ndani ya plagi mpya imetolewa, ni kubwa mno kwa waya mwembamba kama huu.

Ndani kuna nyaya mbili tu, kahawia na bluu. Kukosa ethi si kasoro: alama ya mraba ndani ya mraba kwenye kibandiko ina maana mashine imekingwa mara mbili dhidi ya umeme, na ganda ni sehemu ya kinga hiyo. Ndiyo maana ganda lililopasuka halizibwi kwa gundi, linabadilishwa.

Mashine iliwaka tu waya ukikunjwa upande mmoja. Umekatikia pale unapoingia kwenye mpini, mahali drili nyingi hufia kwa sababu hubebwa kwa waya. Umepunguzwa sm 15, mpira wa shingo umerudishwa, kibano cha ndani kimekazwa mpaka waya hauvutiki.

Siku ya 2: kaboni

Kaboni ni vipande viwili vinavyosugua sehemu ya mota inayozunguka na kuipelekea umeme. Ya kushoto imebaki mm 9, ya kulia mm 4. Kikomo cha kawaida ni kama mm 5, lakini la kuangalia zaidi ni tofauti hiyo. Zikilika sawasawa, ni uzee. Ikilika moja, ujue imekwama kwenye nyumba yake: vumbi la saruji limeganda, springi haiisukumi vizuri, inaruka na kutoa cheche, na cheche ndizo zinazoila. Kuweka kaboni mpya bila kusafisha nyumba ni kununua kaboni nyingine mwezi ujao.

Nyumba zote mbili zimesafishwa kwa kitambaa kikavu na kijiti, mpaka kaboni inateleza kwa uzito wake. Zimewekwa mpya mbili, jozi, za vipimo vilevile. Kaboni nene kidogo usiisage kwa haraka. Ikikaa upande inakwama tena.

Komyuteta, ule mduara wa vipande vya shaba unaosuguliwa na kaboni, ulikuwa na rangi ya kahawia iliyosambaa sawa. Hiyo ni afya, haiguswi. Ungekuwa na weusi wa mabaka, msasa laini wa 600 ungetosha, kisha mifereji kati ya vipande isafishwe. Msasa wa chuma usitumike: punje zake hujikita kwenye shaba na kuila kaboni.

Baada ya kufunga, mashine imezungushwa bila mzigo kwa kasi ndogo dakika kumi, kaboni zijichonge kufuata mviringo. Cheche ndogo za bluu chini ya kaboni ni kawaida. Moto unaozunguka komyuteta nzima ni jambo jingine: mara nyingi amecha (sehemu ya mota inayozunguka, yenye nyaya za shaba) imepiga shoti, na bei ya amecha hukaribia ya drili nyingine ya mtumba.

Giaboksi: grisi ya zamani imefutwa, mpya imejaa kama theluthi ya nafasi. Ikizidi hupashwa joto, huvuja kuelekea kwenye mota na kuchafua kaboni.

Siku ya 3: ukuta wa tofali

Kwanza ramani ya nyaya. Juu na chini ya kila soketi na swichi pameachwa mstari wima wa sm 15 kila upande bila tundu, na mein swichi ya chumba hicho imezimwa. Umeme wa drili umetoka chumba kingine kwa ekstensheni ya mm² 1.5, iliyokunjuliwa yote. Ikibaki kwenye rola huchemka.

Kina cha tundu ni mm 75. Lipu haishiki kitu, kwa hiyo fisha (kile kipande cha plastiki kinachoshika skrubu ukutani) ya mm 8 × 40 imesukumwa kupita zile mm 15 za lipu, ikakaa yote ndani ya tofali, na skrubu ni 5 × 70. Biti ya mm 8 imefungwa tepu ya umeme kuonyesha kina. Chaki imekazwa kwenye matundu yake yote matatu. Ikikazwa tundu moja, biti hukaa upande na tundu la mm 8 linatoka la 9. Ufunguo umetolewa kabla plagi haijaingia.

Lipu imetobolewa bila kugonga, kasi ndogo, ndipo swichi ya nyundo ikawashwa, mashine ikiwa imesimama. Biti ikitolewa mara mbili katikati ya tundu, vumbi hutoka na biti haichemki. Matundu 18, hakuna lililomeguka. Kitufe cha kufunga swichi hakikutumika hata mara moja: juu ya ngazi, biti ikikwama, mkono unatakiwa uweze kuzima kwa kuachia tu.

Siku ya 4: nguzo

Hapa ndipo drili hizi huuawa. Kugonga kwake ni diski mbili zenye meno zinazopandiana, hakuna pistoni kama ya mashine kubwa ya zege. Ukisukuma kiasi, meno yanakutana na biti inagonga. Ukilalia kwa kifua, mizunguko inashuka, feni iliyo kwenye shafti hiyohiyo inapungua kasi nayo, na mota inabaki na mzigo mkubwa bila hewa. Harufu ya vanishi, ile inayokinga nyaya za mota, ndiyo onyo la mwisho.

Utaratibu uliotumika: biti ya mm 5 kwanza, kisha 8, sekunde 20 za kutoboa, kisha sekunde 40 za kuzungusha bila mzigo kwa kasi kamili. Kuizima ikiwa moto hufungia joto ndani.

Tundu la nne lilibadilika sauti, kutoka kusaga kwenda kulia kama kengele, na vumbi likakoma. Nondo. Hapo hakuna kushindana, ncha ya kabaidi (ile ngumu ya mbele ya biti) hung'oka na nondo ya nguzo si ya kukatwa. Breketi imeshushwa sm 4, tundu la zamani limezibwa kwa saruji.

Miwani na barakoa muda wote. Glavu za kitambaa hapana, biti huzivuta.

Iliyobaki

Beringi ya nyuma inalia mashine ikikaribia kusimama. Inunuliwe kwa namba iliyochorwa pembeni yake, iliyozibwa kwa mpira pande zote mbili. Zenye kifuniko cha bati huingiza vumbi la zege.