Noti ya kichwa kidogo

Siku ya meli ya watalii, Malindi, bandarini Unguja, hailali. Watu wanatoka sala ya alfajiri, na Coaster tayari zimepanga foleni nje ya geti la bandari, madereva wanafuta vioo, na sisi watembeza wageni tumeshika vibao vyetu vya namba kama watoto wa skuli wanaongoja gwaride. Hii ilikuwa Januari 2014. Ulikuwa msimu wangu wa pili tu katika kazi ile: Kiingereza kizuri, viatu vibovu. Kibao changu kilikuwa namba sita.

Dereva niliyepangiwa alikuwa mtu mzima, aliyeanza kuendesha wageni mimi nikiwa bado chuoni nasoma juzuu. Nilimwita Ami ingawa hatukuwa na udugu wowote. Kwa wageni alikuwa na maneno mawili, "jambo" na "karibu", na yalimtosha.

Kwa asiyeijua kazi hii, mgeni wa meli si mgeni wa hoteli. Wa hoteli mnazoeana. Siku ya tatu anakuuliza hali ya mama yako. Wa meli unaye kwa saa tano tu, kisha anapanda mashua kurudi melini na humwoni tena mpaka kiama. Matembezi ameyanunua hukohuko ndani, kwa bei ambayo sisi tukiisikia tunaguna. Ndani ya meli hashiki pesa. Analipia kila kitu kwa kadi, na bakshishi ya wahudumu inaingizwa kwenye hesabu yake kila siku bila yeye kutia mkono mfukoni. Basi wengi hushuka wakidhani hata huku kwetu imeshakatwa. Siwalaumu, ndivyo walivyozoeshwa. Wapo wanaoshuka na kadi ile na kofia tu.

Mimi nililipwa shilingi 30,000 kwa siku, Ami kidogo zaidi kwa sababu ya dhamana ya gari. Kilichobaki kilikuwa mkono wa mgeni pale mlangoni mwa gari, wakati wa kuagana. Na pale mlangoni ndipo penye mtihani. Mtembeza wageni ndiye aliyesema tangu asubuhi, ndiye aliyechekesha, ndiye anayesimama chini kuwashika mkono wazee wasianguke. Dereva yuko kwenye usukani, amewapa mgongo. Kila senti inapita kwa mmoja. Desturi yetu ilikuwa kugawana nusu kwa nusu, lakini aliyejua nusu ya ngapi ni mmoja tu.

Wageni wetu siku ile walikuwa kumi na wanane, karibu wote wazee wa Kiingereza, kila mmoja na kibandiko cha namba sita kifuani. Tulianza na shamba la viungo upande wa Kizimbani. Ami hakupenda mpango huo. "Ukianza shamba," alikuwa akisema, "pesa ndogo zote zinabaki shamba." Na kweli. Kule yupo anayekata mdalasini, yupo anayepasua kungumanga, yupo anayepaka wageni rangi nyekundu ya mrangi midomoni, wapo vijana wanaosuka kofia na tai za makuti na kukuvisha kabla hujakataa, na yupo mkwezi anayepanda mnazi huku akiimba. Huyu wa mwisho humaliza kila kitu. Mtu akishamwona binadamu mwenzake anacheza juu ya mnazi, hafikirii tena kwamba kuna dereva. Lakini ratiba ilikuwa imechapwa melini na hatukuwa na la kufanya.

Kidichi, kwenye hamamu, nyumba ya kuogea, aliyojengewa mke Muajemi wa Sultani Seyyid Said mwaka 1850, tulipita haraka kwa sababu ya joto. Tukarudi mjini, Mkunazini, kwenye kanisa lililojengwa pale palipokuwa soko la watumwa.

Hapo ndipo mzee mmoja mwenye fimbo alipoanza kuniandama kwa maswali. Wenzake walikuwa wanatafuta kivuli; yeye alitaka kujua mti wa kuchapia watumwa ulisimama wapi hasa. Nikamwonesha altare, na duara lililowekwa sakafuni mbele yake. Akavua kofia. Akaniuliza nani alijenga, nikamwambia habari za Askofu Steere, na kwamba Mwingereza huyohuyo aliandika vitabu vya sarufi ya Kiswahili. Hilo lilimfurahisha mno. Alisema alikuwa mwalimu maisha yake yote.

Saa saba tulikuwa getini. Wakashuka mmoja mmoja. Ahsante, ahsante, ulikuwa mzuri sana, ahsante. Dola moja. Ahsante. Sarafu ya euro mbili. Bibi mmoja alinipa peni na pakiti ya biskuti. Mzee wa fimbo alishuka wa mwisho, akanishika mkono kwa mikono miwili, akaniachia kitu kilichokunjwa mara nne. Akasema, na alisema wazi: "Hii yako wewe na dereva."

Niliona pembe. Moja, sifuri, sifuri.

Niliitia mfuko wa nyuma, peke yake. Zile nyingine nikazitia mfuko wa mbele. Sikukaa nikafikiri, mkono ulijua wenyewe pa kwenda. Nilipopanda garini nikamwagia Ami vya mfuko wa mbele juu ya kiti: dola kumi na nne, noti ya pauni tano, na sarafu sita za euro mbili.

"Chukua zote, Ami," nikamwambia. "Za leo zako."

"Zote?"

"Una watoto skuli."

Alinitazama kidogo, kisha akaomba dua ndefu, Mungu anizidishie, anifungulie milango, na mimi nikaitikia amini, kwa sauti.

Kesho yake saa tatu nilikuwa duka la kubadilishia fedha. Dola wakati ule ilikuwa kama shilingi 1,600, nami nilishafanya hesabu ya viatu na ya simu. Msichana wa dirishani akaifungua noti, akaigeuza, akanirudishia.

"Kaka, hii kichwa kidogo."

Sikuwa nimeitazama vizuri. Ilikuwa noti ya mwaka 1990, ile yenye picha ndogo ya Franklin katika duara jembamba katikati. Tangu 1996 wanachapa kichwa kikubwa, na miezi michache tu kabla ya siku ile, Oktoba 2013, zilikuwa zimetoka mpya kabisa zenye utepe wa buluu. Wenye maduka kwetu hata za kabla ya 2006 walikuwa wanazikwepa, kwa kuogopa bandia. Marekani yenyewe noti ile ni pesa kama pesa nyingine. Kwetu, sokoni Darajani, ilikuwa karatasi. Nilizunguka maduka matatu, na la mwisho walinicheka.

Ikakaa wiki mbili kwenye bahasha ya vyeti vyangu vya skuli. Nikaanza kuuliza kwa mbali, kama mtu anayemuulizia rafiki yake: hivi dola za zamani watu wanazipeleka wapi? Kila niliyemuuliza alinijibu lilelile. Nenda kwa Ami.

Maana Ami ndiye aliyekuwa bingwa wa pesa zilizokataliwa. Zilizochanika, zilizoandikwa kalamu, na sarafu, ambazo hakuna duka linalozipokea. Sarafu za euro unazikusanya, kisha unamtafuta mgeni anayerudi kwao, unamwomba akupe noti. Yeye alikuwa na kopo la maziwa chini ya kiti lililojaa chuma za nchi nzima ya Ulaya.

Nilikwenda kwake Jang'ombe baada ya laasiri. Ndani ya daladala nilishatunga uongo: mjomba wangu amekuja kutoka Maskati. Nilimkuta barazani na kikombe cha kahawa. Tukaamkiana, akaniuliza za nyumbani, akanitilia kahawa. Nikatoa noti. Akavaa miwani.

"Ya nani hii?"

"Ya mgeni."

"Mgeni yupi?"

Mjomba wa Maskati aliniishia mdomoni. "Wa meli," nikasema. "Yule mzee wa fimbo."

Ami aliikunja palepale kwenye mikunjo yake ya zamani, mara nne, akaitia mfuko wa kanzu. "Kuna mtu anakwenda Dubai Jumatano," akasema. Kisha akaanza kuzungumza habari za mvua. Ningependa angenitukana. Nilikunywa kahawa ile ikaniunguza ulimi.

Meli nyingine iliingia katikati ya Februari. Kwa bahati, au labda mwenyewe aliomba, sijapata kumuuliza, nikapangiwa naye tena. Nilifika Malindi bado kuna giza, akaniita kwenye boneti ya gari.

"Imeuzwa laki na thelathini," akasema. "Yule wa Dubai kala elfu thelathini, huo ndio mtindo wake." Akahesabu shilingi 65,000, akaziweka mbele yangu. Nyingine kama hizo akazitia mfukoni mwake.

Nikanyoosha mkono nikidhani yamekwisha.

"Ngoja. Na zile za siku ile."

Akatoa kipande cha karatasi ya sigara. Alikuwa ameandika: dola 14, pauni 5, euro 12.

"Hapana, Ami, zile nilikupa."

"Ulinipa hujagawa." Hakupandisha sauti. Akaniwekea dola saba. Pauni ilikuwa imeshabadilishwa kwa elfu kumi na tatu, akanihesabia elfu sita na mia tano, ile mia tano akiwa ameitafuta kwenye mifuko yote miwili. Kisha akaingiza mkono chini ya kiti, kopo likalia, akanitilia kiganjani sarafu tatu za euro mbilimbili.

"Hizi sijapata mtu wa kuzichukua," akasema. "Utahangaika nazo mwenyewe."

Akachukua kitambaa akaenda kufuta kioo. Getini wageni wa kwanza walikuwa wanatoka, vibandiko vifuani, wanatafuta namba yao. Nikainua kibao kwa mkono mmoja. Wa pili ulikuwa umejaa.