Daftari la presha linahitaji msomaji

Nina presha na kisukari cha aina ya pili. Kwa muda sasa vyote viwili vimetulia: wiki nyingi wastani wa presha yangu ya nyumbani uko chini ya 135/85, na HbA1c, kile kipimo kinachoonyesha sukari ilivyokwenda kwa miezi miwili hadi mitatu iliyopita, kiko pale nilipokubaliana na daktari. Wanaoniuliza natumia dawa gani hutazamia nitaje jina jipya. Dawa ni zilezile nilizoanza nazo, ila dozi ilirekebishwa na ikaongezwa moja. Kikubwa kilichobadilika ni kwamba alipatikana mtu wa kusoma nilichokuwa naandika.

Kabla ya hapo nilikuwa na kila kitu ambacho mgonjwa huambiwa awe nacho. Mashine ya kupimia nyumbani ilikuwepo. Daftari lilikuwepo, lina tarehe, saa na namba zote, ukurasa baada ya ukurasa. Nikifika kliniki nilipimwa mara moja, haraka, huku nikijibu maswali. Kisha naambiwa nipunguze chumvi, nifanye mazoezi, nimeze dawa bila kuruka, na napewa tarehe ya kurudi. Daftari lilirudi nyumbani bila kufunguliwa. Siwalaumu waliokuwa zamu. Foleni ilikuwa ndefu, na hakuna aliyekuwa amewapa muda wa kazi hiyo. Lakini mtu anayeandika namba mbaya kila asubuhi, na hakuna kinachofuata, anaishia kuongeza hofu.

Baadaye nilisoma jambo lililonithibitishia nilichokuwa nakihisi. Mwaka 2017 jarida la PLOS Medicine lilichapisha uchambuzi uliounganisha takwimu za majaribio 25 ya kujipima presha. Kujipima peke yake, bila msaada mwingine, hakukuonekana kuishusha. Palipoongezwa mtu wa kurekebisha dawa, pamoja na elimu na ushauri wa karibu, ilishuka kwa kiwango chenye maana. Mwaka uliofuata The Lancet likatoa matokeo ya jaribio la TASMINH4 la Uingereza: wagonjwa ambao madaktari wao walipanga dawa kwa kufuata vipimo vya nyumbani walikuwa na presha ya chini zaidi baada ya miezi 12 kuliko wale waliopangiwa kwa vipimo vya kliniki tu. Natamani kila anayepanga bajeti ya kugawa mashine asome kazi hizi mbili kwanza.

Kwangu mambo yaligeuka kliniki ilipoingizwa kwenye mpango wa afya ya jamii wa magonjwa yasiyoambukiza, na nesi mmoja akapewa kazi ya kutufuatilia sisi wa muda mrefu. Siku ya kwanza aliniambia, "Mama, nimeona una mashine. Hebu jipime hapa nikuangalie."

Akaangalia kwanza mkanda. Ule uliokuja na mashine ulikuwa mdogo kwa mkono wangu, na mkanda unaobana huipandisha namba kuliko ilivyo. Akanitafutia saizi yangu. Mengine tuliyapitia polepole: nisipime ndani ya nusu saa baada ya kahawa au mazoezi, niende haja ndogo kwanza, nikae dakika tano bila kuongea, mgongo umeegemea kiti, nyayo zote mbili sakafuni, miguu isipishane, mkono upumzike mezani usawa wa moyo, mkanda ugusane na ngozi na si nguo. Vipimo viwili asubuhi na viwili jioni, vipishane dakika moja, kwa siku saba kabla ya kwenda kliniki. Siku ya kwanza haihesabiwi, zilizobaki zinatolewa wastani. Wiki nyingine nisijipime kila saa. Hilo la mwisho lilinipa usingizi, maana nilikuwa napima kila nikihisi kichwa kizito, na wasiwasi wenyewe ukawa unaipandisha.

Nilipoleta wastani wangu wa kwanza, alikaa nao. Ulikuwa bado juu. Alifungua mwongozo aliopewa na daktari, akampigia simu hapohapo, na dozi ikapandishwa siku ileile. Sikuambiwa tena "endelea kupunguza chumvi, tutaona." Chumvi niliipunguza pia, kwa sababu Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima abaki chini ya gramu 5 kwa siku, sawa na chini kidogo ya kijiko kimoja cha chai, na sehemu yake huingia mwilini kupitia vyakula vilivyosindikwa ambavyo hatuvitilii chumvi wenyewe. Ila nilijua sasa kwamba mzigo wote haujawekwa kwenye kijiko changu.

Aliniandikia pia karatasi moja ambayo bado iko ndani ya jalada la daftari. Wastani wa wiki ukizidi kiwango fulani, napiga simu nisisubiri tarehe. Nikisikia kizunguzungu ninaposimama na namba ziko chini, napiga simu. Ikifika 180/120 nami sina dalili yoyote, napumzika, napima tena, na ikibaki hapo nawasiliana nao siku hiyohiyo. Ikifika huko nikiwa na maumivu ya kifua, kukosa pumzi, ganzi au udhaifu wa upande mmoja, kushindwa kuongea au kuona vizuri, hakuna simu ya ushauri: ni hospitali mara moja. Upande wa sukari ameandika kwamba ikishuka chini ya 3.9 kwa mashine zinazosoma mmol/L (au 70 kwa zinazosoma mg/dL), nile gramu 15 za sukari inayofika haraka kwenye damu, nisubiri dakika 15, nipime tena. Karatasi hiyo imenisaidia kuliko vipeperushi vyote nilivyowahi kupewa, kwa kuwa inataja namba zangu na simu ya kupiga.

Kuhusu kumeza dawa nina neno, maana hapo ndipo wagonjwa husemwa vibaya. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2003 ilieleza kwamba hata katika nchi zilizoendelea, wanaofuata ipasavyo tiba za muda mrefu ni kama nusu tu. Nusu ya watu hawawezi wote kuwa wakaidi. Mimi dawa zangu zilikuwa zinaisha kwa tarehe tofauti, kila moja na safari yake, na kati ya safari na safari palikuwa na siku za kukosa. Nesi alizungumza na mfamasia, tarehe zikalinganishwa, na presha ilipotulia nikaanza kupewa za miezi kadhaa kwa pamoja. Tatizo la "kuruka dawa" likaisha bila mtu kunihubiria.

Halafu kuna kundi, ambamo sisi wagonjwa tunajifunza pamoja kujitunza. Mpango wetu unafuata mtindo ulioanzia Chuo Kikuu cha Stanford, ambako Kate Lorig na wenzake waliutengeneza katika miaka ya 1990: wiki sita, kikao kimoja cha saa mbili na nusu kila wiki, kikiongozwa na watu wawili waliofundishwa, ambao mara nyingi nao wanaishi na ugonjwa wa kudumu. Uingereza iliuchukua mtindo huo mwaka 2002 katika mpango wake wa wagonjwa wabobezi. Wanachanganywa watu wa presha, pumu, baridi yabisi, moyo, kisukari, na nilidhani tutakosa la kuzungumza. Kumbe uchovu, usingizi mbovu, huzuni na hofu ya kuwa mzigo kwa familia havichagui ugonjwa.

Kila wiki mtu anaweka mpango mmoja: atafanya nini, kiasi gani, wakati gani, mara ngapi. Kisha anajipa alama, kutoka 0 hadi 10, ya jinsi anavyoamini ataweza. Chini ya 7, mpango unabadilishwa, habadilishwi mtu. Mimi nilisema nitatembea nusu saa kila siku, nikajipa 5. Kiongozi wetu, mwenyewe ana kisukari, hakunitia moyo kwa maneno. Aliuliza tu, "Dada, nini kitakuzuia?" Nikataja magoti, jua la mchana, na kazi za jioni. Tukatoka na dakika kumi asubuhi, siku tatu kwa wiki, alama 8. Niliufikia mpango huo, nikauongeza, na zile dakika 150 kwa wiki zinazopendekezwa kwa watu wazima zilikuja zenyewe baada ya miezi.

Naamini sana katika kujitunza, na ndiyo sababu inaniuma ninapoona neno hilo likitumika kupunguza huduma. Anayeona kwa shida, asiyejua kusoma, anayetetemeka mikono, hawezi kupewa mashine na kuambiwa kwaheri. Kundini kwetu yupo mzee ambaye mjukuu wake humwandikia namba, na mhudumu wa afya ngazi ya jamii hupita kwake kuzichukua. Huo nao ni kujitunza. Unahitaji saa za kazi za mtu, na saa hizo lazima zilipwe.

Sasa hivi tunashughulikia kipande kilichokosekana kwenye karatasi yangu: siku za kuugua. Ukitapika au kuharisha hadi mwili kukauka maji, baadhi ya dawa za kisukari na presha huenda zikahitaji kusimamishwa kwa muda, na nyingine, kama insulini, ni hatari kuziacha bila maelekezo. Nimemwomba nesi aandike ipi ni ipi kwa dawa zangu, moja moja, na daktari aweke sahihi.