Taji la maziwa

Jana binti yangu alisimama chini ya ile picha ya sebuleni, ya tone la maziwa lililoruka mfano wa taji, akauliza, "Baba, maziwa yalisimamaje hivi?" Papo hapo nikakumbuka moshi wa lehemu.

Usiku nilipoipiga picha hiyo, saketi ilikuwa tayari mezani. NE555 mbili, yaani aisii (chipu) za kupima muda: ya kwanza ya kuchelewesha, ya pili ya kufyatua shata, kilango cha kamera, kwa sekunde 0.11 (kipinga cha kiloomu 10 mara kapasita ya mikrofaradi 10, mara 1.1). Kati yake na kamera niliweka optokapla ya 4N35, inayopitisha ishara kwa mwanga tu, ili volti 9 za betri zisiiguse kamera. Kwenye plagi ya Canon ya milimita 2.5, ncha ni shata, pete ya kati ni fokasi, shina ni hasi.

Tone lilitoka kwenye mrija wa dripu, likakata mwali wa infraredi (mwanga usioonekana), saketi ikaanza kuhesabu. Kuanguka sentimita 50 huchukua milisekunde 319. Toa 60 ambazo kamera ile ilizitumia kabla ya kufungua, ongeza 15 za taji kuchanua: nilitaka 274.

Muda huo ulitoka kwenye kapasita, kihifadhi chaji, ya mikrofaradi 4.7 na kipinga (rezista) cha kuzungusha cha kiloomu 100, kile mafundi redio wanachokiita volyumu. Mbele yake kulikuwa na rezista ya kiloomu 1. Usiiache hiyo: volyumu ikifika sifuri, mguu wa 7 wa 555 unaunganishwa moja kwa moja na chanya, na aisii inaungua.

Picha ya kwanza, tone lingali hewani. Ya pili, bila kugusa kitu, mawimbi matupu. Nikaweka betri mpya; hali ileile. Kumbe 555 husubiri kapasita ijae hadi theluthi mbili ya volti yoyote inayopewa, hivyo betri ikichoka kidogo muda hauyumbi. Nikaigeukia kapasita, ya elektroliti, niliyoichomoa kwenye redio ya zamani. Zikizeeka huvuja: sehemu ya mkondo wa kuijaza hupotelea ndani, leo kiasi hiki, kesho kile. Nikachomelea ya plastiki, nanofaradi 470, na volyumu ya megaomu 1 ikitanguliwa na rezista ya kiloomu 10. Kiwango cha muda ni kilekile, milisekunde 5 hadi 520.

Nikazima taa. Flashi niliiweka kwenye nguvu ndogo kabisa, maana mmweko wake mfupi ndio unaogandisha tone, si shata. Nikalegeza dripu. Tone moja. Kioo cha kamera kikawaka na taji likawa pale, ukuta mwembamba wa maziwa umesimama wima, kila jino limebeba kishanga chake, na kimoja kimekwisha kukatika, kinaelea peke yake juu ya kivuli chake. Nilikaa gizani nikikitazama mpaka kioo kikazimika.

Lakini kabla ya tone lile nilikuwa nimepunguza maziwa kwenye sahani hadi yakabaki kina cha milimita 2, kwa kuwa taji huonekana vizuri zaidi kwenye tabaka jembamba, na kwenye kina kirefu hufuatwa na nguzo. Nilibadilisha mambo mawili kwa mpigo. Kapasita ilituliza muda, hilo sina shaka nalo. Taji lenyewe sijui nilipe deni kwa nani.

Binti anataka turudie Jumamosi. Ile kapasita ya redio ingali kwenye kopo. Tutaanza nayo, kwa maziwa ya milimita 2.