Mvule wa mpakani

Juzi binti yangu wa mwisho alirudi na kazi ya shule: jani, jina la mti, matumizi yake. Akachuma jani nyuma ya choo, akalipiga picha, simu ikamwambia ni mforsadi. "Baba, kumbe tuna mforsadi?" Hatuna. Ule ni mche wa mvule nilioutoa Muheza kwenye kopo la rangi. Simu nayo haikukosea sana, maana mvule na mforsadi ni ukoo mmoja, na mvule ukiwa mchanga majani yake yana meno ukingoni. Nilitaka nimwambie hilo tu, yaishe. Badala yake nikajikuta niko shambani kwa Babu, niko darasa la tano, nimebeba dumu la maji ya kunywa ya wazee wa baraza.

Kesi ilikuwa ya mpaka. Babu alikuwa anagombania mpaka wa shamba na jirani yake, mwenye minazi. Hati ya mauziano ilisema shamba linaanzia "kwenye mvule" mpaka mkwaju wa kisimani. Mkwaju ulikuwepo. Mvule ulishakatwa siku nyingi, mbao zikaenda zilikokwenda, na kisiki wakakichimbua wachoma mkaa. Pale alipoonesha Babu palikuwa na kishimo na machipukizi kadhaa, moja limenipita kimo.

Jirani akalitazama, akatema mate pembeni, akasema huo ni msasa. Na msasa, nani asiyeujua? Unajiotea popote, hauna mwenyewe wala haushiki mpaka wa mtu. Wazee wakayapapasa majani. Mvule walioujua wao una jani laini, ukingo umenyooka, na lenyewe liko juu huko, hulishiki mpaka lidondoke. Hili lilikuwa na meno, tena linakwaruza. Balozi wa nyumba kumi akaguna. Mguno wa balozi tuliujua, na mimi moyoni nikaanza kuliaga shamba.

Babu alichanja chipukizi kwa ncha ya panga. Maziwa meupe yakatoka, yakateremka taratibu kwenye gome.

"Hata msasa una utomvu," jirani akasema. Na kweli unao, ingawa si mwingi. Huo nao ni ukoo uleule.

"Bwana mdogo," Babu akaniita, "kaniletee jani la msasa. Bichi."

Nilikimbia hadi mtoni nikarudi nalo. Babu alikuwa ameshakaa chini, jembe lake kalilaza mapajani. Lilikuwa na mpini mpya, bado una vinyuzi vya mti vinavyochoma kiganja. Akachukua jani la msasa akaanza kuusugua mpini, hana haraka, kama mtu aliye kibarazani kwake anangoja chai. Unga mweupe ukaanza kumdondokea kwenye shuka. Wazee wote kimya. Nilikuwa nimesimama karibu kiasi cha kuona jani likigeuka kijani kibichi zaidi kila lilipopita, na chini yake mpini unaanza kung'aa. Alipomaliza shibiri moja hivi, akampa balozi apapase. Kisha akachuma jani la lile chipukizi, akasugua shibiri ya pili. Jani likakunjika, likachanika, likaacha doa la kijani na maziwa yanayonata. Vinyuzi viko palepale.

Jirani akasema jani changa halina nguvu, msasa au si msasa. Mtu yule alikuwa na akili, lazima niseme.

Basi Babu akayainua majani yote mawili juani. Akaniambia nisogee nihesabu kwa sauti, wazee wengine macho yao yamechoka. La msasa: mishipa mitatu inaanzia pamoja pale kwenye kikonyo, halafu juu yake michache tu. La chipukizi: mshipa mmoja wa kati, na kutoka humo mingine inakwenda kushoto na kulia, imenyooka, imefuatana kama mbavu za samaki. Nikahesabu upande mmoja tu, nikapita kumi, sauti inatetemeka kana kwamba mimi ndiye mshitakiwa. Balozi akasema inatosha, mtoto anyamaze.

"Mvule huu," akasema.

Tulishinda, nilidhani. Jirani akajifuta uso kwa kofia yake. "Sawa, wazee wangu, mvule. Lakini mvule huchipua hata kwenye mizizi. Mzizi nao hutambaa. Nani anajua shina lilisimama wapi?"

Hapo Babu hakuwa na jani la kuonesha.

Mengine yalikwenda haraka. Kamba ikavutwa, wakabishana mpaka adhuhuri, sehemu yenye ubishi wakaigawa nusu kwa nusu, na chipukizi wakaamua ndiyo alama mpya. Wiki hiyohiyo Babu alibakisha moja lililonyooka, mengine akayakata chini kabisa yasigombanie chakula, akalizungushia miiba kwa ajili ya mbuzi. Mbuzi wa jirani, alivyopenda kusema, ingawa na wetu walikuwa walafi vilevile.

Sasa ni mti wa kuangalia kwa kuinua shingo. Mbao zake mchwa hawazipendi, wanunuzi wanazipenda mno, na mvule hata uote shambani kwako huukati bila kibali. Basi umesimama. Unazaa, kwa hiyo ni jike. Usiku popo wanajaa, na miche inayoota huku na huko chini ya minazi ni kazi yao. Wangu wa kwenye kopo ni mmojawapo.

Mwaka jana nilikwenda kuzika. Mtoto wa yule jirani, naye sasa ana mvi, alinishika mkono tukaenda kusimama chini yake. Akaokota jani, akapitisha kidole ukingoni, laini kabisa, halina jino hata moja. Akaniambia marehemu baba yake alimsimulia kesi ile hatua kwa hatua, na alisisitiza kwamba mti wa mpakani ulikuwa na majani ya meno.

"Sasa, ndugu yangu," akasema, "ule wenye meno uko wapi?"

Nilicheka. Yeye hakucheka.