Jiwe la Zamu

Mwezi Mei 2018, mavuno ya uwele na mtama yakiwa yameanza kuingia ghalani, nilikuwa mlezi wa klabu ya wasichana katika shule moja ya sekondari ya kutwa wilayani Bahi, mkoani Dodoma. Tulikutana kila Alhamisi baada ya vipindi, chini ya mbuyu. Tulikuwa na jiwe laini la korongoni, la ukubwa wa yai: aliyelishika ndiye mwenye zamu ya kusema, na wengine wote, nami nikiwemo, tulitakiwa kusikiliza.

Siku hiyo jiwe lilimfikia binti wa kidato cha pili aliyezoea kulipitisha bila kutamka neno. Safari hii hakulipitisha. Alilifuta vumbi kwa upindo wa sketi, akalifuta tena, nasi tukangoja. Ulimi uliniwasha kutaka kumsaidia, na nashukuru hadi leo kwamba nilijizuia, kwa sababu hatimaye alisema kuwa nyumbani kwao wageni walikuwa wamekuja mara mbili kuzungumzia ng'ombe.

Nilianza na sheria. Nilimweleza kwamba tangu marekebisho ya mwaka 2016, Sheria ya Elimu inatoa kifungo cha miaka 30 kwa anayemwoa mwanafunzi. Alinisikiliza kwa heshima, kisha akauliza, "Mwalimu, wakishamkamata mtu, mimi nitalala nyumba gani?" Sheria ile naiamini kwa moyo wote, lakini swali lake sikuweza kulijibu.

Basi tukafanya igizo. Mwenzake mmoja alikaa juu ya ndoo iliyofudikizwa, akawa baba. Nikamwelekeza binti kama nilivyoelekezwa semina: simama wima, mtazame machoni, sema unachotaka. Wasichana wakaguna. "Mwalimu, baba hakodolewi macho. Ataona umemdharau, na ulichosema hatakisikia." Wakapanga upya wenyewe: shangazi aambiwe kwanza, baba aachwe ale, binti apige goti na kumwamkia, macho yawe chini lakini sauti isiwe chini. Nimehudhuria semina nyingi za stadi za maisha tangu wakati huo, na sijasikia maelekezo bora kuliko hayo. Mimi nilikuwa nimechanganya ujasiri na macho makavu.

Alirudia sentensi moja, "Baba, naomba nimalize kidato cha nne," na mara tatu za mwanzo sauti ilikatikia kwenye neno "naomba". Mara ya nne ilifika mwisho, na aliyekuwa baba akasahau kuigiza, akampigia makofi.

Alhamisi iliyofuata aliomba jiwe kabla ya zamu yake. Alisema kwamba baba alinyamaza, akatoka kwenda zizini, na siku mbili zikapita bila neno. Jioni ya tatu, shangazi akiwa amekaa pembeni, alimwita akamuuliza hicho kidato cha nne ni mwaka gani.

"Nikamwambia 2020," alisema, akampa mwenzake jiwe.